Köten hakuwa jasusi wa Wamongolia

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu uvamizi wa Wamongolia barani Ulaya. Mwandishi amemtaja Köten, khan (mtawala) wa Wakuman, wafugaji wa kuhamahama wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, kwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa jasusi aliyeingia Hungaria kwa kisingizio cha ukimbizi. Huo ni uvumi wa mitaani wa mwaka 1241, na ndio uliomuua.

Köten alikuwa na kisa kirefu na Wamongolia. Majemadari Jebe na Subutai walipovuka milima ya Kaukazi, waliwalaghai Wakuman kuwa wote ni ndugu wa nyika moja, wakawapa na zawadi ili wawatupe washirika wao Waalani. Walipomalizana na Waalani, wakawageukia Wakuman wenyewe. Köten akakimbilia kwa mkwewe, mume wa binti yake, Mstislav, mtawala wa Halych katika nchi za Rus (Waslavi wa mashariki), na farasi na ngamia wa kuwatunuku wakuu wa Rus, akiwaonya kwamba leo imetwaliwa nchi yake, kesho itakuwa zamu yao. Wakatoka pamoja, na Mei 1223 wakapigwa vibaya kwenye mto Kalka. Hapo simtetei: wapanda farasi wa Kikuman walikimbia na kuvuruga safu za wenzao. Ila woga si ujasusi.

Mwaka 1239, Batu, mkuu wa Wamongolia, akiwa ameshaivuruga nyika nzima, Köten alipokewa Hungaria na Mfalme Béla IV kwa ahadi ya kubatizwa. Kasisi Rogerius, aliyekuwa humo nchini, anataja Wakuman 40,000 mbali na familia zao. Sasa piga hesabu ya mifugo! Iliingia kwenye mazao, bustani na mizabibu ya watu, na kesi zikifika kwa mfalme, wenyeji walinung'unika kwamba Mkuman ndiye anayesikilizwa. Anayejua ugomvi wa wakulima na wafugaji hahitaji kuelezwa zaidi. Makabaila nao, waliokuwa na kinyongo na Béla, waliona kajiletea jeshi la kuwabana.

Kwa hiyo Wamongolia walipofika jirani na mji wa Pest, Machi 1241, hasira ilikuwa imeshaiva. Ikasemwa Wakuman wameonekana upande wa adui. Kweli walikuwepo, kwa sababu waliosalia nyikani walikuwa wameshaburutwa jeshini na washindi wao. Nani angesikiliza? Köten alikuwa chini ya ulinzi mjini. Umati ukavamia nyumba, ukamuua pamoja na jamaa zake, vichwa vyao vikarushwa nje kupitia madirishani.

Watu wake, waliokuwa njiani kuja kupigana upande wa Béla, waligeuka wakaelekea Bulgaria wakichoma vijiji. Tarehe 11 Aprili jeshi la Hungaria likasambaratishwa na Wamongolia kwenye vita vya Mohi, na mfalme akaponea chupuchupu.

Mwandishi wenu angejiuliza Béla alifanya nini baadaye. Wamongolia walipoondoka mwaka 1242, ufalme ukiwa magofu, aliwaita Wakuman warudi. Akawapa ardhi, tena akamwoza mrithi wake, Stephen, binti wa Kikuman aliyebatizwa Elizabeth. Mtoto wao, Ladislaus IV, alitawala Hungaria akiitwa Mkuman. Mfalme aliyeyaona yote kwa macho yake hakufanya hivyo kwa watu aliowaamini kuwa majasusi. Naomba sentensi ile isahihishwe.

Msomaji wenu