Jarida la kifua na wateja wangu wa Temeke

Mhariri, habari za kazi. Nauza duka la dawa huku Temeke, juzi kijana wangu anayesomea udaktari kanionyesha kwenye simu historia ya jarida moja la Marekani la magonjwa ya kifua, lilianza 1917 likiitwa American Review of Tuberculosis, yaani TB tu maana ndo ilikuwa inamaliza watu na dawa hamna, streptomaisini imekuja kugunduliwa 1943. Dawa zilivyokubali wakaona kifua kina mambo mengi, jina likabadilishwa weee, tangu 1994 ni American Journal of Respiratory and Critical Care Medicine, refu kama foleni ya Mbagala.

Sasa hapa dukani mtu anakohoa wiki ya tatu, shati linampwaya, anaweka buku mbili juu ya kaunta anataka "ya kifua", ukimwambia kapime makohozi ni bure ananuna. Na ni Tanzania hii hii, mpango wetu wa TB wa 1977 aliosaidia kuujenga daktari wa TB kutoka Ulaya, Karel Styblo, ndo dunia ikaja kuiga! Mhariri tupeni hata kasafu kamoja ka kifua kwa wiki, umbea wa mastaa upungue kidogo.

Muuza dawa, Temeke