Ikona ile ya Lviv ina mchoraji, mtajeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie picha mliyoichapa pamoja na makala kuhusu vita vya Ukraine. Ni ile iliyopigwa Machi 4, 2022, siku ya tisa ya uvamizi wa Urusi: wafanyakazi wa Jumba la Makumbusho la Taifa la Andrey Sheptytsky mjini Lviv wanahamisha ikona, yaani picha takatifu ya ibada, ya Bikira Maria akipashwa habari na Malaika Gabrieli, isije ikaangamia kwa mabomu. Maelezo yenu yalisema tu kwamba ni "mchoro wa kale wa kanisa". Makombora mliyataja kwa aina yake na viongozi kwa vyeo vyao. Aliyechora ikona ile hakupata hata neno moja.

Mimi ni Mwothodoksi wa Kagera, na udaktari niliusomea Lviv. Jumapili baada ya ibada nilikuwa na desturi ya kwenda kwenye jumba hilo, pale Barabara ya Svobody, kukaa mbele ya kazi ya mtu huyu. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Jina lake ni Yov Kondzelevych. Alizaliwa mwaka 1667 Zhovkva, kaskazini mwa Lviv, mji uliosifika kwa mafundi wa ikona na wachonga mbao. Ndiko alikofanya kazi pia Ivan Rutkovych, ambaye ikona zake nazo zimo katika jumba hilo hilo. Kondzelevych aliingia utawa katika monasteri ya Bilostok, karibu na Lutsk, akapewa na upadre. Mwaka 1698 alianza kuchora ikonostasi ya kanisa la Msalaba Mtakatifu katika monasteri ya Maniava, kwenye milima ya Karpati. Aliimaliza mwaka 1705. Ikona mliyoichapa ni sehemu ya kazi hiyo.

Kwa msomaji asiyeyajua makanisa yetu, ikonostasi ni ukuta wa ikona ulio kati ya waumini na madhabahu, safu juu ya safu, na malango yake. Si kazi ya kupaka rangi ukamaliza. Kwa desturi ya watawa, ubao hupakwa gundi, kisha chaki iliyochanganywa na gundi, tabaka moja ikikauka ndipo ije nyingine, halafu husuguliwa mpaka mkono upite bila kukwama. Dhahabu hubandikwa mapema. Ndipo zije rangi, unga wa mawe na udongo uliokorogwa kwa kiini cha yai, kutoka zile za giza kwenda zile za mwanga. Uso huja mwishoni kabisa. Wakati wote huo mchoraji anafunga na kusali, kwa sababu ikona kwetu ni sala kabla haijawa pambo.

Mimi nilipenda zaidi ikona ya Kulala kwa Mama wa Mungu, yaani kufariki kwake. Maria amelala, mitume wamemzunguka. Katika ikona nyingi za zamani mitume hao wanafanana kama ndugu wa tumbo moja, unawatambua kwa ndevu tu. Kwa Kondzelevych kila mmoja ana uso wake, umri wake na namna yake ya kupokea msiba. Nyuso hizo ni za watu walio hai, watu ambao ungeweza kukutana nao sokoni Lutsk wakiuza nafaka. Aliziangalia kazi za wachoraji wa Magharibi na akajifunza kwao, hilo liko wazi. Baadhi ya Waothodoksi wenzangu wanamlaumu, wakisema mtume hapaswi kufanana na jirani. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Mitume walikuwa wavuvi, na mvuvi ni jirani wa mtu.

Kazi hiyo imehangaika sana. Mwaka 1785 Kaisari Josef wa Pili wa Austria aliifunga monasteri ya Maniava, ikonostasi ikahamia kanisa la mji wa Bohorodchany, na jina la mji huo ndilo imebaki nalo hadi leo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waaustria waliipeleka Vienna, baadaye ikafika Warsaw. Miaka ya 1920 Askofu Mkuu Andrey Sheptytsky, kiongozi wa Wakatoliki wa Kigiriki, yaani Wakatoliki walio chini ya Papa lakini wanaofuata ibada ya Mashariki kama yetu, aliifikisha Lviv katika jumba alilolianzisha mwaka 1905. Tazama basi: imechorwa na Mwothodoksi kwa ajili ya Waothodoksi, imeokolewa na Mkatoliki. Mungu amlipe. Hata baada ya hapo haikuwa salama, maana mwaka 1952 watawala wa Kisovieti waliteketeza kazi nyingi za jumba hilo. Ikonostasi ilinusurika, na 2022 ikabidi ibebwe tena mikononi.

Najua nitajibiwa kwamba mtawa hatafuti sifa, na kwamba wachoraji wa ikona hawakujali majina. Ni kweli kwa wengi wao. Lakini fikirieni habari za Mtakatifu Alypius, mtawa na mchoraji wa ikona wa monasteri ya Mapango ya Kyiv, aliyefariki yapata mwaka 1114. Wazazi wake walimkabidhi kwa mafundi wa Kigiriki waliotoka Konstantinopoli kulipamba kanisa kuu la monasteri, naye akajifunza kwao. Inasimuliwa kuwa malipo yake aliyagawa mafungu matatu: moja la vifaa vya ikona, moja la maskini, moja la monasteri. Leo hakuna ikona hata moja inayoweza kuthibitishwa kuwa ni yake, na kanisa lile lenyewe lililipuliwa Novemba 1941, likajengwa upya hadi mwaka 2000. Kwa Alypius tuna jina bila ubao. Kwa maelfu ya wengine tuna ubao bila jina. Kwa Kondzelevych tumebahatika kuwa na vyote viwili, halafu sisi wenyewe tunalifuta jina kwa uvivu wa mstari mmoja.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mnapochapa kazi ya mtu mwandike ni ya nani, iwe ni ikona ya Ukraine au kinyago cha Mmakonde. Mkitaka kuwaonyesha wasomaji mengine ya mtawa huyu, yapo. Mwaka 1722 alichora ikonostasi ya monasteri ya Zahoriv, na mwaka 1737, mzee wa miaka sabini, bado alikuwa anamchora Kristo Msulubiwa. Mkihitaji kuliandikia jumba la Lviv kuomba picha, nitawatafsiria barua yenu kwa Kiukraine bila malipo, na majibu yao nitayaweka kwa Kiswahili.

Msomaji wako,
Daktari, Bukoba