Main Street ya Jinja: mmesifu nguzo, mkasahau baraza

Ndugu Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia, lakini makala yenu kuhusu maduka ya zamani ya Main Street, hapa Jinja, Uganda, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amesifu nguzo, amesifu miaka iliyoandikwa kwa saruji juu ya majengo, amepiga picha madirisha, halafu akamaliza kwa kusema mtaa sasa “umefufuka” kwa ajili ya mikahawa. Umefufukia nani?

Baraza ameitaja mara moja tu, tena kama pambo. Ngoja nimweleze, maana inaonekana hakupata mzee wa kumuuliza. Ndani ya duka alikuwa Mhindi, meza ndefu, fimbo ya kupimia kitambaa, na Kiswahili chake kile cha “kuja mama, ona hii.” Nje, chini ya paa lile lile, alikaa fundi na cherehani yake ya miguu: Mluo, Msamia, Mnubi, Msoga. Ukishanunua kitambaa unavuka kizingiti, unapimwa hapo hapo, jioni unarudi kuchukua nguo. Mwenye duka aliuza kwa sababu fundi yupo, na fundi alikula kwa sababu duka lipo. Sisi wa mtaa wa Walukuba, ambao waume zetu walifanya kazi kiwanda cha nguo cha Nytil na kwenye reli, kila nyumba na kabila lake, pale ndipo tulipojuliana hali, na lugha ilikuwa hii hii ninayowaandikia. Mvua ya Jinja haipigi hodi, inatoka ziwani tu inakuvaa. Lakini baraza zilikuwa zimeshikana, unatoka duka hili unaingia la pili huku umeshika mtoto mkono, wala hulowi.

Mwaka 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Maduka yakagawiwa wanajeshi na watu wao, wengi hata hawakujua bidhaa zinaagizwa wapi, rafu zikabaki tupu na sukari tukaitafuta kwa magendo. Ikaundwa bodi ya serikali ya kusimamia mali za walioondoka. Miaka ya 1990 wenyewe, au watoto wao, wakarudishiwa nyumba zao. Wenye funguo wamebadilika mara zote hizo, Mhariri, na fundi wangu alikuwa bado pale nje anakanyaga cherehani. Mwenye bunduki hakumwondoa. Aliyemwondoa ni muuza kahawa.

Sasa yaliyonikuta. Mjukuu wangu alikuwa na kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha mchumba nyumbani, na gomesi, gauni letu la sherehe, nililotaka kuvaa lilikuwa limepoteza vifungo vyake vya upande wa kushoto. Ni vifungo viwili tu. Gomesi lina vifungo viwili, si zaidi. Nikasema niende Main Street, huko ndiko vilikonunuliwa vya kwanza. Nikapita mlango kwa mlango: hapa wanauza safari za mitumbwi ya kwenye maporomoko, hapa vinyago vya twiga, hapa simu, hapa tena simu. Kifungo hakuna. Mvua ikashuka. Nikajibanza kwenye baraza ambayo zamani alikaa yule fundi wangu, siku hizi imezungushiwa kizuizi cha chuma na vyungu vya maua, mlango wa kupitia mmoja. Akaja kijana mwenye aproni, akaniuliza kwa Kiingereza nitakunywa nini. Nikamtazama. Akarudia kwa Kiluganda. Nikaendelea kumtazama. Ndipo akakumbuka Kiswahili: “Jaja, hapa ni pa wateja.” Nikamwomba anitajie bei ya kikombe kimoja. Bei ile ingeninunulia kilo mbili za sukari! Na ni kahawa ya hapa hapa Uganda, haikupanda meli. Ndani walikaa wageni wawili na kompyuta zao, viti vingine vyote vitupu, vimekauka vizuri, vimehifadhiwa na paa ambalo mimi nilitembea chini yake kabla mama yake kijana huyo hajazaliwa. Nikatoka na gomesi langu ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, nikalowa mpaka kwenye steji ya boda. Kijana simlaumu sana, ametumwa. Aliyemtuma ndiye ningependa mumpige picha, badala ya madirisha.

Na kwa kuwa mwandishi wenu anapenda ile miaka juu ya majengo, ainue shingo tena. Kampuni za simu zinapaka nyumba nzima rangi zao, kuanzia msingi hadi juu kabisa. Mtu alijenga, akaandika mwaka wake kwa saruji ili wajukuu wauone, leo umefunikwa na tangazo la vifurushi. Nani anatoa kibali? Analipwa ngapi? Hayo hamkuyauliza, mkatuletea habari za nguzo.

Tangu 2020 Jinja ni jiji, kwa hiyo nina pendekezo la kijiji kwa wakubwa wa jiji. Watume mtu Main Street na cherehani moja ya miguu. Aiweke barazani, fundi akae nyuma yake, kisha apite mama mnene kama mimi na kikapu cha ndizi bila kugeuka ubavu. Nafasi hiyo ndiyo ipigwe mstari wa rangi, rangi yoyote isiyo ya kampuni ya simu, na iachwe wazi mtaa mzima. Kinachobaki wawekee viti vyao na maua yao. Kama hilo ni zito, basi mikahawa iruhusiwe kutuuzia tiketi za mvua: shilingi 500 kwa nusu saa, wazee nusu bei, watoto wa mgongoni bure. Tutalipa. Risiti tutadai.

Mkazi wa Walukuba,
Jinja