Kwa Mwajuma, kuhusu hiyo shingo

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu Mwajuma,

Salaam nyingi sana. Sisi huku hatujambo, ila mvua inatusumbua na dagaa wamepanda bei utadhani hawavuliwi hapo chini ziwani. Baada ya salaam, pole tena, mwaya.

Mama Zena kashuka na treni ya Tabora, hata mzigo hajatua, habari zako hizo. Nimeshukuru kusikia upasuaji umekwenda salama na hilo rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni, limetoka. Kilichonikalisha niandike ni hili la shingo. Eti ukiitwa unageuka mwili mzima kama mtu aliyejitwisha mtungi! Eti unaogopa nyuzi zitaachia. Nani kakwambia?

Kisu hicho nami nimekipitia, woga wako naujua. Ila mimi muuguzi wa wodini alinitolea uvivu kesho yake asubuhi. Akanieleza kwamba ili kuifikia tezi, daktari huinua ngozi na kuiachanisha misuli ya mbele ya shingo. Wakati wa kupona, ngozi, misuli na bomba la hewa vinaweza kugandana, na kabla ya hapo kila kimoja kilikuwa kikiteleza peke yake. Ndiyo maana wapo ambao wakimeza mate kovu linapanda pamoja na koo, au kutwa wanahisi wamekabwa. Wengi hali hiyo huwapungua miezi ikipita. Ziko jeli na utando ambao baadhi ya madaktari huweka ndani kabla ya kushona ili nyama zisishikane, na tafiti zake hazijakubaliana, lakini hayo ni ya chumba cha upasuaji, wewe yamekupita. La kwako sasa ni mazoezi. Wajapani waliwagawa wagonjwa wa tezi makundi mawili, moja likafundishwa kunyoosha shingo, na utafiti wao ukatoka 2005: waliofanya mazoezi walilalamika kidogo kuliko wenzao.

Basi uliza huko kliniki wakuonyeshe, kisha fanya. Kidevu kifuani, geuka kulia, geuka kushoto, sikio lielekee begani, zungusha mabega. Kutazama juu wakuambie wao uanze lini. Polepole, usilazimishe. Utasikia ngozi inavuta. Kuvuta si kuchanika. Ila ukiona shingo inavimba ghafla au pumzi inakuwa nzito, usiningoje mimi wala mazoezi, kimbia hospitali.

Na hayo mawese aliyoagiza mama mkwe wako nimempa Mama Zena, lakini ni ya kupikia, tafadhali! Kidonda kibichi hakipakwi. Kovu likishafunga vizuri na daktari akaruhusu, ndipo ulikande kwa ncha ya kidole na mafuta mepesi, na ukitoka juani ulifunike na mtandio. Kaagiza pia chumvi ya Uvinza, ati ikuponyeshe haraka. Haya, madini joto huzuia rovu, sikatai, lakini kama tezi imetolewa yote hakuna chumvi itakayoshika nafasi ya kidonge cha homoni ya tezi. Mwambie kwa adabu, mama wa watu ana nia njema.

La kiwanja cha Kibirizi sitaki hata kulianza, yule mzee ananizungusha mpaka... tuliache.

Sasa nijibu. Tezi wametoa yote au upande mmoja? Sauti imerudi au bado inakwaruza? Vidole na midomo havikuchonyoti wala kufa ganzi? Kama vinakuchonyota, waambie mapema, huenda kalsiamu imeshuka. Kidonge unakunywa asubuhi na maji matupu kabla ya chai, na vya kalsiamu unaviacha mbali, masaa manne hivi baadaye? Ukisimama mbele ya kioo ukameza maji, kovu linatulia au linapanda? Kliniki unarudi lini, na nani atakusindikiza, maana shemeji namjua na safari zake?

Wasalimie watoto.

Ni mimi,
Mama Rehema