Msiishie kuandika "uzoefu ulimbeba"

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Chikongola hapa Mtwara. Nashona sare za shule, magauni ya harusi, na bukta za mabondia. Zamani nilikuwa napanda ulingoni mwenyewe. Anayebisha aje aitazame pua yangu.

Naandika kwa sababu ya pambano la mwezi uliopita hapa mjini, la bondia wa miaka 41 na kijana wa miaka 22. Mwandishi wenu alimaliza habari yake kwa maneno matatu tu: "uzoefu wake ulimbeba". Wiki iliyofuata mkachapa barua ya msomaji wa Masasi, akisema mzee alishinda kwa mdomo na kwa kukumbatia, na kwamba kijana aliporwa. Nilikuwepo ukumbini, mstari wa pili karibu na kona ya bluu. Bukta zote mbili nilizishona mimi na zote mbili nimeshalipwa, kwa hiyo sina upande.

Huo uzoefu si hirizi kwamba mtu anaifunga kiunoni. Ni kazi inayoonekana kwa macho, ila uitazame miguu na mabega, usiitazame ngumi peke yake. Nitatoa mfano mmoja. Mtunza muda alipogonga ubao kuashiria sekunde 10 za mwisho, yule mzee alianza kurudi nyuma polepole, huku akirusha ngumi nyepesi nyepesi. Anarudi wapi? Kwenye kona yake. Kengele ikilia, stuli iko nyuma yake, anaketi. Kijana naye yuko kwenye kona ya watu, inabidi akatize ulingo mzima ndipo akapumzike. Pambano lilikuwa la raundi 8, maana yake mapumziko ni 7. Nilihesabu, mara 5 kati ya hizo 7 kijana alitembea na mzee hakutembea. Msomaji wa Masasi hilo hakuliona, na simlaumu, kwa sababu watu wote pale walikuwa wamesimama wanapiga kelele.

Na huko kukumbatia kunakolalamikiwa kuna ufundi wake. Mzee hakumshika kijana ili apumzike tu. Aliweka paji la uso begani kwa mwenzake, kigasha cha kushoto akakilaza nyuma ya shingo, halafu akalegeza magoti. Kilo zote za mzee zikawa zinabebwa na kijana. Jaribu kumbeba mtu mzima namna hiyo kwa sekunde 6 au 7, mara 3 kwa raundi, huku unataka kuonekana jasiri mbele ya shangazi zako. Kufika raundi ya 5 mikono ya kijana ilikuwa imeshuka usawa wa kifua. Refa alimwonya mzee mara moja, na alistahili onyo. Zaidi ya hapo sioni ulipokuwa wizi.

Najua habari hizi kwa sababu nimelipia ada yake.

Mwaka 1987, nikiwa na miaka 23, nilipelekwa Lindi kucheza pambano la sikukuu ya Idi, raundi 6. Tulisafiri nyuma ya lori la magunia ya korosho, mimi, kocha wangu na ndoo ya kunawia. Nilikuwa sijapoteza hata pambano moja, na kocha wangu alikuwa akinitajia bondia wetu Titus Simba na medali yake ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970 mpaka nikaanza kuamini Edinburgh iko mbele kidogo ya Mingoyo. Niliyepangiwa alikuwa mvuvi, mtu wa karibu miaka 40, ana kitambi kidogo na mguu mmoja anauburuta. Nilipomwona nilimhurumia.

Kwenye kupima uzito akasimama mbele yangu, akanyamaza. Ananitazama tu, kwa upole, kama mtu anayesubiri chenji yake. Mimi mtoto niliyelelewa na mjomba, ningefanya nini? Mdomo ukafunguka wenyewe: "Shikamoo, mzee." Akanishika kichwani. "Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?" Ukumbi mzima ukacheka. Kocha wangu akanivuta mkono, lakini limeshakuwa. Nenda kampige mtu uliyetoka kumwamkia, aliyekushika kichwa na kukuulizia mama yako!

Raundi ya 1 nilimpiga vizuri tu. Raundi ya 2 nikamwangusha akapiga magoti, akainuka anatabasamu, akamwambia refa kwa sauti nisikie, "Huyu mtoto ana nguvu, hakulala njaa." Raundi ya 3 nikamrushia kila nilichokuwa nacho. Nyingi zilitua kwenye mikono na mabega, yeye akiwa ameegemea kamba na kidevu kimezama kifuani. Na kila nikitua anasema, "Haya." Haya. Haya. Kama mama anayemlisha mtoto uji. Nikakasirika. Bondia akikasirika anasahau kupumua, anabana pumzi kila akirusha ngumi, na ngumi 20 za namna hiyo zinamaliza tangi. Ule mguu aliokuwa akiuburuta kwenye kupima uzito, raundi ya 4 ulipona ghafla. Raundi ya 5 nilikuwa nimekaa chini, nahesabiwa, na kitu nilichokuwa nakiona vizuri kuliko vyote ni kandambili za mtu wa mstari wa mbele.

Baada ya pambano alinikuta nyuma ya jengo nimejiinamia. Alinipa kipande cha samaki wa kukaanga akaniambia maneno ambayo siwezi kuyasahau: mdomo wake haukuwa umenipiga, ulinifanya tu nisiikumbuke mikono yake. Kisha akaenda zake, anatembea vizuri kabisa.

Vijana wanaokuja kibandani kwangu wanadhani vita vya akili ni tambo za kwenye kamera, za kina Karim Mandonga na ngumi yake ya Sugunyo. Tambo zina kazi yake, zinajaza ukumbi, na mimi mwenyewe hununua tiketi. Lakini hizo humlenga mteja. Za wakongwe humlenga mpinzani, na mara nyingi hakuna mwingine anayezisikia.

Chukua lile pambano la Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Mjomba wangu, aliyekuwa kuli bandarini, alitusimulia mara nyingi sana hata nikadhani alikuwepo. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, George Foreman 25. Foreman alikuwa amecheza mapambano 40, hajashindwa hata moja, na 37 aliyamaliza kwa nokauti. Alimwangusha Joe Frazier mara 6 ndani ya raundi 2. Ali kabla ya pambano aliimba kila mahali kwamba atacheza kwa miguu, atazunguka, hatashikika. Foreman akajiandaa kufukuza mtu. Kengele ikalia, Ali akamfuata na kumpiga ngumi za kulia bila kutanguliza kushoto. Wanaojua ngumi wanaelewa hiyo ni dharau kiasi gani, maana kulia hutoka mbali na bondia wa kiwango kile hapaswi kupigwa nayo mikavu. Foreman akapandwa na hasira. Kuanzia raundi ya 2 Ali akaegemea kamba, akafunika uso na mbavu, akaacha apigwe mikononi, huku akimshika shingo na kumnong'oneza. Foreman mwenyewe amesimulia kwamba aliulizwa kama hiyo ndiyo nguvu yake yote. Raundi ya 8 akaanguka.

Sasa kuna kitu ambacho mjomba hakukijua, nami nilikijua ukubwani. Kwenye kona ya Foreman usiku ule alikuwemo Archie Moore, bingwa wa zamani wa uzito wa juu mwepesi, mkongwe wa wakongwe. Mwaka wake wa kuzaliwa ulibishaniwa maisha yake yote, mama yake akisema 1913 na yeye akisema 1916 (wengi wetu huku Kusini tunalielewa hilo bila kuelezwa). Mwaka 1958 kule Montreal, Moore aliangushwa mara 3 katika raundi ya 1 na Yvon Durelle, akaangushwa tena raundi ya 5, na akamtoa yeye Durelle raundi ya 11. Mtu mwenye elimu kama hiyo alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa Foreman. Haikusaidia. Elimu ya kona haiwezi kupumua kwa niaba ya bondia.

Foreman naye akajifunza, tena taratibu. Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, alipanda ulingoni Las Vegas na Michael Moorer wa miaka 26, bingwa asiyepoteza pambano. Kati ya raundi Foreman alikuwa hakai, anasimama kwenye kona yake kama anasubiri basi, wakati mwenzake kaketi anamwagiwa maji. Alikuwa nyuma kwa pointi kwa majaji wote watatu. Alichofanya ni kumzoesha Moorer kusimama mahali pale pale, ngumi za kushoto za kawaida, kushoto, kushoto, mpaka raundi ya 10 mkono wa kulia ukapita katikati, Moorer akalala na ubingwa ukahama. Kwenye kona yake alikuwepo Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa kocha wa Ali Kinshasa. Na alivaa bukta ile ile nyekundu ya Kinshasa. Hapo mimi kama fundi nilikosa usingizi. Mwaka 1974 alikuwa na pauni 220, mwaka 1994 ana pauni 250. Mpira wa kiuno wa bukta hauishi miaka 20, nawaambia. Lazima kuna mwenzangu alifumua kiuno na kutia mpira mpya, na jina lake halikuandikwa popote.

Mwingine ni Bernard Hopkins, bondia wa Marekani. Desemba 2010 aliangushwa mara 2 na Jean Pascal, pambano likaisha sare. Mei 2011 wakarudiana Montreal, Hopkins ana miaka 46, Pascal 28. Kabla ya raundi ya 7 Hopkins akalala chini akapiga pushapu ulingoni, mbele ya watu wa Pascal. Alishinda kwa pointi, akaivunja rekodi ya Foreman ya bingwa mzee kuliko wote. Watu wanakumbuka pushapu. Mimi nakumbuka jinsi alivyokuwa akiingia hatua nusu, anarusha moja, anamkumbatia kabla jibu halijatoka. Pushapu bila hiyo hatua nusu ni vichekesho vya harusini.

Lakini nisiwadanganye wazee wenzangu. Oktoba 2, 1980, Ali akiwa na miaka 38 alikwenda kwa Larry Holmes, bingwa wa wakati ule, na maneno yake yote, na mwili uliopunguzwa mpaka ukaonekana wa kijana. Holmes aliwahi kuwa mwenzake wa mazoezi, ujanja wote alikuwa ameusikia bure. Ali alipigwa raundi 10 karibu bila kujibu, kona yake ikamzuia asitoke tena. Ujanja unanunua muda tu, na miguu ikishaisha hakuna cha kununua. Mzee wetu wa mwezi uliopita nilimwambia hivyo hivyo nilipokuwa nampima kiuno. Akanijibu nishone.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wenu akija tena Mtwara asikae meza ya waandaaji penye soda. Akae karibu na kona, asikilize. Na makocha wetu nao waache kuwapigisha vijana gunia kwa muda wa saa mbili kila jioni wakadhani wamefundisha ngumi. Gunia halinong'oni, wala halikushiki shingo. Wamfunge kijana na mtu mzito anayeongea, raundi 3 za kukumbatiana tu bila kurusha hata ngumi moja, waone nani anahema.

Kuhusu yule kijana, alikuja juzi kuchukua suruali yake ya kazi niliyomtia kiraka. Jicho limepungua uvimbe. Nikamuuliza, "Mlipokuwa mmekumbatiana alikuwa anakuambia nini?" Akatazama chini, akacheka kwa aibu.

"Alikuwa ananiuliza kama nimekula, mzee."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia bado."

Nilicheka mpaka nikaacha kukanyaga cherehani. Akaniambia kuna mazungumzo ya kurudiana msimu wa korosho, pesa ikishashuka mjini. Mguu na pumzi atavifanyia kazi, hilo halimsumbui. Linalomsumbua ni moja: yule mzee ni jirani wa baba yake, siku ya kupima uzito atamkwepaje kwenye ile shikamoo?

Nikamwambia asimkwepe. Shikamoo ni ya mara moja kwa siku. Siku ya kupima uzito amfuate nyumbani kwake alfajiri, amwamkie kwa adabu zote, amuulizie mke na watoto, amwachie na sukari, aondoke. Siku ya pambano afanye hivyo hivyo. Wakikutana mbele ya watu, hadaiwi kitu.

Akauliza sukari kiasi gani. Nimemwambia kilo mbili. Moja mzee atajua ametumwa.

Wenu,
Fundi cherehani na bondia mstaafu,
Chikongola, Mtwara