Lenzi za zamani zinunuliwe kwa tochi, si kwa jina

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua niseme na wasomaji wanaonunua lenzi za zamani za kamera za renjifainda, na pia na wale wanaoziuza. Kamera hizi hazina kioo cha ndani cha kukuonyesha kile ambacho lenzi inakiona. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, unaona picha mbili za kitu kimoja zimepishana, kisha unazungusha lenzi mpaka zilaliane. Kwa hiyo lenzi mbovu haijitambulishi hadi picha itoke. Tangazo linalosema "hali nzuri, kioo safi" na kuishia hapo halimpi mnunuzi lolote la maana, na wengi wanaumia kwa sababu hiyo.

Tuanze na kitako cha lenzi, sehemu inayoshika kwenye kamera. Lenzi za skrubu za mtindo wa Leica zina kipenyo cha milimita 39 na hesi 26 kwa inchi, na kutoka kwenye kitako hadi kwenye filamu ni milimita 28.8. Kamera za Zenit za mwanzo nazo zilitumia kitako cha milimita 39, lakini kwa sababu ni kamera za kioo, umbali wake ni milimita 45.2. Lenzi ya Zenit itaingia kwenye FED au Zorki, renjifainda za Kisovieti zenye kitako cha mtindo wa Leica, bila shida yoyote, halafu hakuna kitakachoonekana kikali, si cha karibu wala cha mbali. Mtego huu unanasa watu kila siku, kwa kuwa lenzi za Kisovieti kama Jupiter-9 na Industar-50 zilitengenezwa kwa aina zote mbili. Geuza lenzi utazame nyuma: ya renjifainda ina pete ya ndani ya chuma inayotoka na kuingia unapozungusha fokasi. Pete hiyo ndiyo inayosukuma mkono mdogo ulio ndani ya kamera, unaosogeza zile picha mbili za kidirishani. Ya Zenit haina.

Jupiter za kamera za Kiev ni jambo jingine tena. Lenzi zake za milimita 50 hazina mzunguko wake wenyewe wa fokasi, kwani mzunguko huo umo kwenye kamera. Hazitumiki kwingine bila adapta maalumu yenye mzunguko wake.

Leica ilipotoa kamera ya M3 mwaka 1954 ilibadilisha kitako, ikaacha skrubu na kupunguza umbali hadi milimita 27.8. Ndiyo maana lenzi ya skrubu hukaa kwenye kamera ya M kwa adapta yenye unene wa milimita 1 kamili. Adapta hizi ni za aina tatu, kulingana na mistari ya fremu inayojitokeza kwenye kidirisha kwa urefu wa lenzi (milimita): 50 na 75, 35 na 135, 28 na 90. Adapta ya ovyo yenye unene usio sahihi huharibu fokasi, kisha lawama zote zinaangukia lenzi.

Kuhusu majina, mtu asiamini maandishi ya ukingoni. Ziko Industar-22 nyingi zilizochongwa upya zikaitwa Elmar 50mm f/3.5, lenzi ya Leica. Kuzitenganisha ni rahisi: kwenye Elmar halisi vibati vya tundu la mwanga (vile vinavyolipanua na kulibana) viko mara tu nyuma ya kioo cha kwanza, lakini kwenye Industar viko nyuma zaidi, baada ya kioo cha pili. Na hata Elmar halisi yenye ukungu haifai kuishinda kwa bei Industar safi.

Sasa tochi. Fungua tundu lote, shika lenzi kati ya jicho na tochi, tochi ikae nyuma na pembeni kidogo ili mwanga usikupige machoni. Inamisha lenzi polepole. Mwanga wa chumbani hauonyeshi kitu. Vumbi kidogo lipuuze, lenzi yoyote ya umri huu inalo. Unachotafuta kwanza ni ukungu, utando mweupe uliotanda sawasawa juu ya kioo, mara nyingi kwenye nyuso zinazotazamana na vibati. Huletwa na mvuke wa grisi na mafuta ya zamani. Mafuta kwenye vibati hayazuii kazi ya lenzi hizi, maana tundu unalizungusha kwa mkono, lakini ndiyo yanayozaa ukungu huo. Picha zinapauka, vivuli vinakuwa kijivu, na taa yoyote ikiingia kwenye fremu inaota mwanga pembeni. Lenzi za Canon za skrubu, hasa 50mm f/1.8 na f/1.2, zinajulikana kwa tatizo hili, na likikaa muda mrefu linakula uso wa kioo kiasi kwamba hata ukisafisha alama inabaki. Summarit 50mm f/1.5 ya Leica pia ichunguzwe kwa makini.

Kuvu ni tofauti: nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati. Ikiwa changa inasafishika, ikikomaa imeshachimba kioo. Ukiona rangi za upinde wa mvua au viputo ukingoni, gundi inayounganisha vioo viwili imeachana, na hiyo si kazi ya kufanyia nyumbani, acha. Mikwaruzo myembamba mbele inasababishwa na kufutwafutwa, na Summitar na Summicron za mwanzo, nazo za Leica, zina kioo laini cha mbele kinachokwaruzika upesi. Mistari michache haidhuru. Ikijaa uso mzima, inafanya kazi ileile ya ukungu.

Jaribio la fokasi ndilo wanunuzi wengi wanaliruka, nami naliona ni muhimu kuliko yote. Fungua mgongo wa kamera tupu, bandika selotepu isiyong'aa kwenye reli mbili za ndani ambako filamu hulala, weka shata kwenye B (hubaki wazi kadiri unavyobonyeza) na uikaze ibaki wazi kwa waya wa kubonyezea. Kamera ikae kwenye stendi. Laza rula kwa pembe ya nyuzi 45, mita 1 kutoka kwenye kamera, tundu likiwa wazi kabisa. Linganisha picha mbili kwenye alama ya sentimita 15, kisha tazama selotepu kwa kioo cha kukuzia: ni alama gani iliyo kali? Baada ya hapo elekeza kamera kwenye kitu kilicho zaidi ya kilomita moja. Picha mbili zilaliane pale pale lenzi inapogota kwenye alama ya ∞, yaani mbali kabisa. Kabla ya kuilaumu lenzi, rudia kwa lenzi nyingine unayoiamini, maana huenda kipimo cha kamera yenyewe ndicho kimepotoka.

Kwa Jupiter-3 na Jupiter-8 zikiwa kwenye Leica, tegemea kosa dogo. Kamera ya Leica inategemea lenzi ya milimita 51.6, wakati Jupiter zimejengwa karibu na milimita 52.4. Kwenye mita 1 lenzi ya kwanza inahitaji kusogea mbele milimita 2.81 na ya pili milimita 2.90. Zikiwa sahihi kwa mbali, fokasi ya karibu inaangukia nyuma ya mlengwa. Dawa ni washa nyembamba (kipete cha chuma) kati ya kiini cha vioo na mwili wa lenzi: ongeza unene wa karibu milimita 0.1, fokasi inasogea mbele. Kwa mbali utapoteza kidogo tundu likiwa wazi, lakini huko kwa kawaida unapiga kwa f/5.6 au f/8, na kosa linafichika. Fokasi ikianguka mbele ya mlengwa, punguza washa.

Lenzi za ukoo wa Sonnar, muundo wa Zeiss, Jupiter hizi zikiwamo, zina tabia nyingine: ukifunga tundu, fokasi inasogea nyuma. Iliyowekwa sawa kwa f/1.5 inaweza kukosea kwa f/2.8. Chagua tundu unalolitumia zaidi na urekebishe kwa hilo.

Mwenye kamera ya dijitali isiyo na kioo ana nafuu hapa. Anakuza picha kwenye skrini na kuona fokasi yenyewe, kwa hiyo pete ya nyuma haimhusu. Lenzi iliyokataliwa kwa ajili ya pete anaweza kuinunua bila hofu. Shida yake iko kwenye lenzi pana, 35mm kushuka. Mwanga wake hufika pembeni kwa mlalo, unapita kwenye kioo nene kilicho mbele ya kihisi, na pembe za picha zinavurugika au kugeuka zambarau. Lenzi za 50mm na kuendelea hazisumbui sana. Lenzi za kukunja, kama Elmar na Summitar, zisikunjwe zikiwa kwenye kamera ya dijitali. Jupiter-12 ina kioo cha nyuma kilichotokeza sana, isilazimishwe kwenye kamera ambayo hujahakikisha nafasi yake.

Katika kutumia, weka tundu kwanza ndipo ufokasi, kwa kuwa kwenye baadhi yake kugusa pete ya tundu kunasogeza fokasi. Tumia kikinga jua. Jupiter-8 na Industar-61 zinachukua filta na kikinga cha milimita 40.5, nyingi za Leica za baadaye 39. Na anayetaka kuifungua lenzi ili abadilishe grisi aweke alama mahali hesi za fokasi zinapoachana, kwa kuwa zina mianzo mingi na ukikosea mwanzo mmoja, ∞ haitapatikana tena.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Tangazo liwe na picha tatu: moja ya lenzi ikiwa wazi na tochi nyuma yake, moja ya kitako na pete yake, na moja ya rula iliyopigwa na lenzi hiyo kwa mita 1 tundu likiwa wazi. Na wewe mnunuzi, zikikosekana ziombe kabla hujatuma pesa.

Msomaji wako.