Barua kwa Mwanangu: Mtoto Aliyeachwa kwa Mwezi

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, natumaini u mzima na masomo yanaendelea vyema. Uliniuliza kwenye simu yule mwanamke wa Chile ninayemsikiliza kila jioni ni nani, nami sikutaka kukujibu kwa haraka.

Ni mwimbaji Violeta Parra. Alizaliwa mwaka 1917, baba akiwa mwalimu wa muziki na mama mshonaji wa nguo. Gitaa alilishika tangu utotoni, lakini kazi yake kubwa aliianza miaka ya 1950, alipozunguka vijijini akiwatafuta wazee waliohifadhi nyimbo vichwani. Mmoja wao, Isaías Angulo, alimfundisha guitarrón, gitaa la nyuzi 25.

Miongoni mwa nyimbo hizo zilikuwamo za mkesha wa mtoto mdogo aliyefariki. Huko mashambani maiti ya mtoto ilivikwa nguo nyeupe na mabawa ya karatasi, ikaketishwa katikati ya maua, na waimbaji wakakesha wakiimba beti za mishororo kumi kumi kwa niaba yake, kana kwamba ni yeye anayemuaga mama. Mama aliombwa asilie, maana machozi yangelowesha mabawa na malaika wake ashindwe kupaa.

Mwaka 1955 Violeta alialikwa kwenye tamasha la vijana mjini Warsaw, akamwacha nyumbani binti yake mdogo, Rosita Clara. Akiwa huko Ulaya aliletewa habari kwamba mtoto amefariki. Hapa ndipo mimi hushikwa na kwikwi, mwanangu, kwa kuwa nami nilikuacha kwa bibi yako kabla hujasimama dede, nikaenda kutafuta riziki, na kila simu iliyoita usiku ilinikata maini.

Violeta hakurudi upesi. Alibaki Paris akiimba na kurekodi. Simhukumu. Alimtungia binti yake wimbo, "Verso por la niña muerta", yaani beti za binti aliyefariki, kwa mtindo wa wale wazee, ila safari hii anayesema ni mama: alipoondoka alimwacha mtoto kwenye susu, akidhani mama Mwezi angemlelea.

Nyimbo zake mashuhuri zaidi zilitoka mwaka 1966. Februari 1967 alijitoa uhai akiwa na miaka 49, na hilo sikufichi. Tutalizungumza ana kwa ana. Ukija likizo nitakuwekea huo wimbo wa Rosita Clara, nikufasirie ubeti kwa ubeti, nawe ukiwa umekaa karibu yangu.

Mama yako akupendaye